Gramu Zisizoonekana: Pareto katika Milima ya Gusii

Mkulima wa alizeti wa Singida akitaka kujua kama mvua ya msimu imemfanyia hisani, hana haja ya kumuuliza mtaalamu. Anapeleka magunia yake mashineni, anasimama kando, anahesabu ndoo zinazotoka. Gunia la mwaka huu likitoa mafuta pungufu kuliko la mwaka jana, ana pa kuanzia kufikiri. Pengine mvua ilikatika punje zikiwa bado zinajaa. Pengine alitia mbolea ya naitrojeni kupita kiasi, mmea ukanenepa, majani yakatanda, na punje ikajaza protini pale ambapo ingejaza mafuta. Zipo tofauti asizoweza kuziona, kwa mfano kwamba usiku wa baridi wakati punje inajaa huongeza asidi ya linoleiki katika mafuta, na joto huongeza ile ya oleiki. Lakini ndoo anaiona. Kati ya mawingu, mbolea na pesa yake kipo chombo kimoja tu, nacho kiko mbele ya macho yake.

Pareto ni ndugu wa alizeti. Zote mbili ni za jamii moja ya mimea, ile ambayo ua lake si ua moja bali ni vijiua vingi vilivyobanana kwenye kitako kimoja na kuzungushiwa petali. Utajiri wa pareto nao umo kwenye mbegu: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za pairethrini, ile sumu inayoua wadudu, hukaa katika vitezi vidogo vya mafuta juu ya vijimbegu vilivyo chini ya vijiua hivyo. Hali ya hewa huigusa, mbolea huigusa, na mkono wa mchumaji na mkaushaji huigusa zaidi. Kwa miaka mingi ua hili jeupe lilikuwa pesa ya milima ya Kisii na Nyamira, kuanzia Kiamokama na Masaba hadi Kiabonyoru; leo limebaki katika vijishamba vya kutafuta. Sababu zinazotajwa za kutoweka kwake ni nyingi: mashamba yamekuwa madogo, chai imeshinda, kemikali za viwandani zimeteka soko, malipo yalichelewa hadi watu wakachoka. Zote zina ukweli ndani yake. Hoja yangu ni kwamba chini ya sababu hizo liko jambo la zamani zaidi. Katika Gusii, ubora wa pareto ulitengenezwa na mtu mmoja na kupimwa na mwingine aliye mbali kilomita zipatazo 200, na yule aliyeutengeneza hakuwahi kupata ndoo ya kuhesabu.

Kwao pareto ni pwani ya Dalmatia, katika Kroatia ya leo, ambako ilimea yenyewe kwenye miamba kavu inayotazama bahari. Kabla ya Vita Kuu ya Pili mzalishaji mkubwa duniani alikuwa Japani, nchi iliyoupa ulimwengu dawa ya mbu ya kuzungusha ambayo bado inafukizwa vyumbani hadi leo. Kenya ililetewa mbegu mwaka 1928, na masetla wa Molo, Limuru na Kinangop wakagundua upesi kwamba ua linalofungua mara moja tu kwa mwaka huko kwao Ulaya, huku linafungua miezi mingi mfululizo, na kwamba kiwango chake cha pairethrini si haba. Vita ilipozuka Japani ikawa upande wa adui, majeshi ya Washirika yakahitaji dawa ya mbu na chawa, na Kenya ikajikuta kileleni. Waafrika hawakukaribishwa kwenye karamu hiyo. Wakati huo Kisii ilikuwa tayari imeonja zao la biashara, kwa kuwa katika miaka ya 1930 ilikuwa miongoni mwa sehemu chache, pamoja na Embu na Meru, zilizoruhusiwa kujaribu kahawa ya wenyeji, na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari anakumbukwa kama mmoja wa waliotangulia. Pareto ilikuja baadaye, miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kufungua milango ya mazao ya fedha kwa wakulima wadogo. Uhuru ulipofika na masetla wengi wakauza mashamba, zao lilihamia mikononi mwa wenye robo ekari na nusu ekari, na Kisii, ambayo wakati huo ilijumuisha Nyamira, ikawa miongoni mwa wilaya zilizoongoza nchini.

Kwa nini walilipenda? Jibu la kawaida ni hali ya hewa, na hatukosei kuanzia hapo. Lakini yapo mambo mawili yaliyokuja kabla ya hali ya hewa. Kahawa humtaka mkulima asubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuvuna cha maana, na chai vivyo hivyo. Pareto iliyopandwa kwa kupasua mashina ya zamani huanza kuchumwa baada ya miezi mitatu au minne. Tena kahawa inahitaji mtambo wa kumenyea karibu, chai inahitaji kiwanda karibu na barabara inayopitika usiku ule ule jani lilipochumwa, ilhali pareto hukaushwa nyumbani, ikatiwa guniani na kungoja siku ya soko. Kwa mlima usio na barabara ya kokoto hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko bei. Kiwanda cha kwanza cha pareto kilikuwa ua wa nyumba, na fundi wake mkuu alikuwa mama mwenye nyumba na watoto wake. (Mwenye namba ya uanachama katika ushirika, aliyetia sahihi ya malipo, mara nyingi alikuwa mume. Hilo nalo lina historia yake, ambayo siwezi kuimaliza hapa, ila lisisahauliwe tukifika kwenye swali la nani aliona nini.)

Sasa hali ya hewa. Pareto haitoi tumba mpaka ihisi baridi: joto linatakiwa kushuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi kwa majuma kadhaa ndipo mmea uache kuotesha majani na uanze kuotesha maua. Kadiri shamba linavyopanda juu ndivyo maua yanavyokuwa mengi na pairethrini inavyozidi. Milima ya Gusii ya mashariki, yaani Masaba, Keroka, Kiabonyoru na mpaka wa Borabu, iko kati ya mita 1,900 na 2,200 hivi juu ya bahari. Hapo usiku ni wa blanketi mbili na asubuhi ukungu hulala mabondeni hadi saa tatu. Lakini ukishuka kuelekea Suneka au Kenyenya unaingia nchi ya ndizi na miwa, ambako pareto hugeuka kichaka kizuri cha majani kisicho na maua. Maana yake ni kwamba pareto ya Kisii ilikaa ukingoni mwa hali ya hewa yake. Ramani za kanda za kilimo zilizochorwa na Jaetzold na Schmidt mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliyapa maeneo mengi ya juu ya Kisii jina la kanda ya chai na maziwa. Jina la pareto na ngano liliwekewa nchi za juu zaidi na baridi zaidi. Mwaka ambao joto limezidi kidogo, ambao Molo hawausikii, Nyaribari walikuwa wanauona kwenye tumba.

Ukingo huo ulilipwa na neema nyingine. Mvua ya Gusii ni milimita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 kwa mwaka, na karibu hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Mmea usioumizwa na kiangazi huendelea kuchanua, basi uchumaji uliendelea sehemu kubwa ya mwaka, kila baada ya majuma mawili au matatu. Na kuchuma kwenyewe ni kazi ya jicho. Ua la pareto hufunguka kutoka pembeni kuelekea katikati. Kitako cha njano huanza na safu moja ya vijiua vilivyofumbuka, kisha mbili, kisha tatu. Ua la kuchumwa ni lile ambalo petali zake nyeupe zimelala tambarare na safu tatu au nne za vijiua zimefunguka. Kabla ya hapo vitezi havijajaa. Likiachwa hadi petali zikunjike kwenda chini, linaanza kupoteza. Mchumaji hupenyeza kikonyo kati ya vidole viwili, akalikata ua kwa ukucha bila kulitoa na mti wake, kwa sababu kikonyo hakina pairethrini ya kutajwa. Ni kazi ya maelfu ya maamuzi madogo kwa asubuhi moja, na hakuna mashine katika milima ile ambayo ingeifanya.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Gusii inapogeuza uso. Upepo kutoka Ziwa Viktoria hupanda milima tangu adhuhuri ukiwa umebeba unyevu, na kufikia saa tisa au kumi alasiri ngurumo zimeanza. Ukanda huu wa Kisii, Kericho na Nandi hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Ua lililochumwa asubuhi lina maji robo tatu ya uzito wake, na lazima likaushwe mpaka libakiwe na unyevu wa sehemu kumi kwa mia hivi. Likirundikwa likiwa bichi, hupata joto, huchacha, hugeuka rangi ya kahawia, na pairethrini huanza kuvunjika. Likiachwa juani siku nyingi, mwanga wenyewe huivunja. Kwa hiyo maua yalitandazwa kwenye magunia, majamvi na mabati, tabaka jembamba la kidole kimoja, yakapinduliwa kila mara, na wingu la kwanza likitokea upande wa ziwa, kila mwenye miguu nyumbani akaitwa. Usiku yalilala jikoni, juu ya moshi. Ua lililokauka vizuri lina rangi ya krimu na husagika vidoleni kama mkate mkavu. Lililokauka vibaya hunepa na kunuka kama majani yaliyooza. Baridi na mvua zilizoijaza mbegu shambani ndizo zilizoitishia uani. Hakuna zao jingine la Gusii ambalo mbingu ileile iliyolilea iligeuka kulinyang'anya kwa dhahiri hivyo, siku ileile, kati ya asubuhi na alasiri.

Kuhusu mbolea nitasema machache, ingawa ndiyo inayosahaulika zaidi katika maelezo ya kushindwa kwa pareto. Udongo mwekundu wa Gusii ni wa asili ya volkano, mzito wa mfinyanzi, wenye asidi, na una tabia ya kushika fosfeti hadi mizizi isiifikie. Pareto iliyotiwa fosfeti wakati wa kupandwa ilifaidika. Lakini naitrojeni, ile ambayo kila mkulima anaiona ikikijanisha mahindi ndani ya juma moja, kwa pareto haikuwa na faida kubwa; ikizidi, huota majani, kama inavyomfanyia yule wa alizeti. Linganisha na chai. Kwenye chai jani ndilo bidhaa, basi kila kilo ya naitrojeni inarudi ikiwa kilo za majani. Wataalamu wa Kericho wameonyesha kwamba naitrojeni nyingi mno hupunguza ubora wa chai nyeusi kikombeni, lakini hasara hiyo iko mbali, na uzito uko karibu. Basi mfuko wa mbolea ulipofika nyumbani kwa mkopo, haukuwa mwamuzi wa haki kati ya mazao mawili. Mkulima mwenye akili timamu aliumwaga kwenye chai na mahindi, na pareto ikaendelea kuishi kwa samadi na bahati. Watu husema pareto ilipuuzwa kwa uvivu. Mimi naona ilipuuzwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua kilo 100 za maua mabichi, ambazo ni kazi ya siku nyingi za vidole. Zikikauka vyema zinabaki kilo 25 hivi. Kama maua ni ya kiwango cha asilimia 1.3, ambacho kwa pareto ya Kenya si kibaya, ndani yake mna gramu 325 za pairethrini. Tuseme jirani yake amechuma kwa wakati, amekausha kwa tabaka jembamba, amepanda mche bora, na maua yake yana asilimia 1.6. Anazo gramu 400. Tofauti yao ni gramu 75, chini ya ujazo wa kikombe cha chai. Hazina rangi wala uzito wa kuhisi mkononi, wala hazisogezi mshale wa mizani. Lakini ndizo zilizokuwa zikinunuliwa. Mnunuzi wa Marekani hakuhitaji maua, alihitaji kile kilichomo ndani yake, na Bodi ya Pareto huko Nakuru ililipa kwa kuangalia kiwango hicho, baada ya sampuli kupimwa maabarani kwa viyeyushi na vyombo vya kioo.

Kati ya maabara hiyo na ua wa nyumba kulikuwa na chama cha ushirika. Karani wa kituo alipima kilo, akaingiza mkono guniani kuona kama maua yamekauka, akaandika stakabadhi, akamimina maua kwenye lundo la wote. Lundo ndilo lililosafiri, lundo ndilo lililopimwa, na bei ya lundo ndiyo iliyorudi miezi kadhaa baadaye, imepunguzwa makato, ikagawanywa kwa kilo. Yule wa asilimia 1.6 alilipwa sawa na yule wa 1.3. Kibaya zaidi, uzito na ubora vilikuwa vinavutana. Ua lenye kikonyo ni zito kuliko lisilonacho, lenye unyevu ni zito kuliko kavu, lililopitiliza siku zake ni zito kuliko changa. Mizani ililipa upande wa kosa. Karani aliweza kukataa gunia lililooza waziwazi, lakini hakuwa na namna ya kumzawadia aliyefanya vizuri kidogo kuliko mwenzake, na ubora wa zao lolote hujengwa na wale wanaofanya vizuri kidogo kuliko wenzao.

Yupo atakayesema kwamba hili ni kutafuta mchawi, kwa kuwa Kisii haikuwa nchi ya pareto tangu mwanzo: iko chini mno, maua yake yasingeweza kushindana na ya Kinangop. Nimekwisha kukubali nusu ya hoja hii pale niliposema zao lilikaa ukingoni. Lakini ukingo haueleweki hivyo. Mahali ambapo hali ya hewa inatoa kila kitu, uzembe wa mtu husamehewa. Mahali ambapo hali ya hewa inatoa karibu kila kitu, tofauti yote iko kwenye mche uliochaguliwa, wakati wa kuchuma na namna ya kukausha. Kama Gusii ilikuwa ukingoni, basi ilihitaji kipimo cha karibu kuliko Kinangop, na haikukipata. Zaidi ya hapo, watafiti wa Molo walizalisha miche teule, ikiwemo inayovumilia nchi za chini kidogo. Kizuizi cha mita 1,900 hakikuwa ukuta.

Hoja ya kemikali za viwandani ni nzito zaidi, na watu waungwana huishia hapo. DDT iliingia sokoni baada ya vita na kuishusha pareto. Mwaka 1973 maabara ya Rothamsted huko Uingereza, chini ya Michael Elliott, ilitoa permethrini, pairethroidi ya kutengenezwa isiyovunjwa na jua. Nani tena angenunua maua? Lakini tazama miaka. Kitabu cha Rachel Carson cha mwaka 1962 kiliwatia Wamarekani hofu ya DDT, na mwaka 1972 nchi hiyo ikaipiga marufuku. Pareto ya asili ikapata maisha mapya jikoni, maghalani na kwa wakulima wasiotaka kemikali. Kenya ilifika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikitoa zaidi ya tani 15,000 za maua makavu kwa mwaka na kushika zaidi ya thuluthi mbili za soko la dunia. Hiyo ni miaka karibu 20 baada ya permethrini. Anguko kubwa lilikuja baadaye, na miaka ya 2000 mavuno yalishuka hadi chini ya tani 1,000, wakati ambapo wanunuzi walikuwa bado wanaitafuta pareto. Ila sasa waliitafuta Tasmania. Na walichokitafuta ni tabia ile ile iliyokuwa ikimtesa mama wa Masaba: dawa inayovunjika upesi kwenye mwanga haiachi mabaki kwenye chakula. Udhaifu wa ua uani ulikuwa ndio thamani yake dukani.

Tasmania inafundisha jambo jingine. Huko majira ya baridi na ya joto yametengana, mmea huchanua mara moja kwa mwaka, mashine hupita shambani kiangazi, na zao la shamba zima la mwenye shamba mmoja hufika kiwandani likiwa kundi moja. Kulipima ni rahisi. Gusii ilichanua karibu mwaka mzima, kiganja kwa kiganja, kutoka kwenye maelfu ya vijishamba. Anayeitetea Bodi anaweza kusema, na atakuwa na haki, kwamba hakuna maabara duniani ambayo ingepima kila kikapu cha kila mwanachama kila baada ya majuma mawili. Maziwa hupimwa kwa kidude kinachoelea kwenye kikombe. Pareto haikuwa na kidude cha namna hiyo. Nakubali. Tena naona ndipo historia hii inapouma, kwa sababu kilichofanya kipimo kiwe kigumu ni wema wenyewe wa hali ya hewa. Lakini ugumu wa kupima kila kikapu hauelezi kwa nini wanachama wa kituo kimoja wasingerudishiwa hata namba ya lundo lao mapema, ili wajue kama mwezi wa nne, mwezi wa mvua nyingi, uliwapunguzia kiwango, na kwa kiasi gani. Namba hiyo ilikuwepo. Ilisafiri kwenda mbele, kwa mnunuzi, na mara chache sana ilisafiri kurudi nyuma.

Ndiyo maana chai ilishinda, na sikubali kwamba ilishinda kwa bei peke yake. Ni kweli chai ilikuwa na malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka, na kwa mtu mwenye karo ya shule hilo ni neno la mwisho. Lakini hata kabla ya malipo, kwenye kibanda cha kununulia majani, karani na mchumaji hutazama kitu kimoja: majani mawili na chipukizi. Jani gumu linaonekana, linatupwa mbele ya wote, mzozo unaisha au unaanza hapo hapo. Kahawa vilevile, tunda jekundu ni jekundu kwa kila mwenye macho. Viwanda vya chai kama Nyankoba na Kebirigo vilipojengwa na barabara zake kupanuliwa, ile faida ya kwanza ya pareto, yaani kuvumilia nchi isiyo na barabara, iliondoka, ikabaki na udhaifu wake mtupu. Wanaosema ardhi finyu ndiyo iliyoiua wanapaswa kueleza kwa nini ardhi hiyohiyo finyu ilibakiza chai, ambayo hukaa mahali pake miaka hamsini bila kuupisha hata mhindi mmoja. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, karibu watu 960 kwa kila kilomita ya mraba, na 605,576 katika Nyamira. Katika msongamano huo, zao lenye thamani kubwa kwa hatua moja ya shamba na linalotaka mikono mingi lingekuwa ndilo la kwanza kuchaguliwa, laiti thamani hiyo ingemfikia mwenye mikono.

Malipo yalipoanza kuchelewa, kwanza kwa miezi, kisha kwa miaka, hapakuwa na kitu cha kumshikilia mkulima. Mtu anayejua ubora wa mali yake huweza kuisubiri, kuitetea, hata kuidai mahakamani. Anayejua uzito tu hujua tu kwamba kilo zake hazijalipwa, na kilo za kitu kingine zinalipwa kesho. Mashina yaling'olewa, mahindi na migomba ikapandwa.

Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 ilivunja ukiritimba wa Bodi na kuruhusu kampuni binafsi kuchakata, na tangu hapo Kisii na Nyamira zimetajwa tena kati ya kaunti za kufufua zao, miche ikigawiwa. Kuhusu miche hiyo liko jambo dogo ambalo takwimu za tani hazilioneshi. Pareto huongezwa kwa kupasua shina: mvua za kwanza zikianza, mkulima hung'oa kichaka kikuukuu, anakigawa vipande vyenye mizizi, anapanda, na anampa jirani. Kila upasuaji ni uchaguzi wa mbegu. Mtafiti wa Molo huchagua kwa kipimo cha maabara. Mkulima, kwa miongo mingi, alichagua kwa alichoweza kuona, yaani shina lenye maua mengi na makubwa. Shina hilo linaweza kuwa tajiri wa pairethrini au maskini, jicho halijui. Hata mche teule uliotoka Molo na karatasi zake, ukiisha kupasuliwa mara tatu nne na kuchanganyika na wa majirani, huwa umechaguliwa upya kwa ajili ya kilo. Mashamba mapya ya Masaba na Kiabonyoru yakifika mwaka wa tatu, vichaka vitakuwa vimechoka na itabidi vipasuliwe, na mama atakayeinama na jembe kuchagua kipi kigawanywe na kipi kitupwe atavitazama vyote, na atachagua chenye maua mengi.